Sekunde Hainunuliwi kwa Data

Nimelisikia neno hili mara nyingi kwa watu wa redio ya ridhaa, wa Nairobi na wa kwingineko, nao hulisema kwa uhakika wa karani anayesoma masharti ya fomu: mawasiliano ya FT8, njia ya kidijitali ya kutuma ujumbe mfupi kwa redio, hayawezekani bila intaneti. Sababu wanayoitoa ni saa. Kompyuta ya huku na kompyuta ya kule lazima zikubaliane sekunde, na saa ya kompyuta hunyooshwa na mtandao. Likishatoka hilo hufuata la pili, ambalo ndilo linaloniuma: basi mahali kama Silanga, kijiji kimoja cha Kibera, watu wasijisumbue, maana huko data hununuliwa kidogo kidogo, stima hupotea bila hodi, na kompyuta ni za mtumba. La tatu huja kama muhuri: na mwenye intaneti tayari, redio ya nini?

Madai haya matatu yameshikana mikono. Ukilikubali la kwanza, mengine mawili yanaingia nyumbani bila kubisha. Mimi nalikataa la kwanza, na nalikataa kwa hesabu, si kwa mapenzi ya mtaa peke yake.

Tuanze na kinachotakiwa hasa. FT8 ilitolewa mwaka 2017 na Wamarekani wawili, Steve Franke na Joe Taylor. F na T ni herufi za majina yao, na 8 ni idadi ya toni zinazotumika. Dakika imegawanywa vipande vinne vya sekunde 15. Kituo kimoja hutuma katika kipande hiki, cha pili hujibu katika kinachofuata, wakapokezana kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja: mchi wa huyu ukipanda, wa yule unashuka. Utumaji wenyewe huanza nusu sekunde baada ya kipande kufunguka, huchukua sekunde 12.64, na hubeba biti 77 za ujumbe, zinazotosha alama za mwito za vituo viwili pamoja na eneo au kipimo cha nguvu ya mawimbi. Upana wake ni hezi 50. Kwa kuwa ujumbe ni mfupi, na umefungwa kwa hesabu za kurekebisha makosa, programu huweza kuuokota ukiwa umezama ndani ya kelele, mahali ambapo sikio la binadamu halipati chochote.

Ili iuokote, sharti ijue ujumbe unaanzia wapi. Si kamili, takriban. Mwongozo wa WSJT-X, programu inayoendesha FT8, hutaka saa yako isipishane na saa ya dunia kwa zaidi ya sekunde moja hivi, na kwa vitendo programu hufungua hata ujumbe uliopotoka karibu sekunde mbili. Ndani ya kila utumaji mmewekwa alama za kujipangia, mwanzo, katikati na mwisho. Programu huzitafuta ikisogea mbele na nyuma kidogo mpaka zikae sawa, ndipo inaanza kusoma. Waliobuni mfumo huu walijua kwamba saa za watu hupishana, wakaacha nafasi.

Na Joe Taylor si mtu wa kubahatisha sekunde. Mwaka 1974 yeye na mwanafunzi wake Russell Hulse, wakiwa na darubini kubwa ya redio ya Arecibo huko Puerto Rico, waligundua pulsa iliyo katika jozi: mabaki ya nyota yanayotoa mpigo wa redio kila milisekunde 59 huku yakizungukana na mwenzake. Kwa kupima mipigo hiyo mwaka baada ya mwaka, Taylor na wenzake walionyesha kwamba mzunguko wa jozi ile unafupika kama nadharia ya Einstein ilivyotaka. Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 1993 ilikwenda kwa Hulse na Taylor. Mtu aliyeishi na saa za namna hiyo ndiye aliyeona kwamba, kwa kazi hii, kukosea sekunde moja kunavumilika. Sasa anapokuja mtu kuniambia kwamba FT8 inadai usahihi ambao Silanga haiwezi kuufikia, namuuliza ameutoa wapi.

Kuna jambo lingine ambalo sisi wa Kiswahili tungepaswa kulielewa upesi kuliko wengine. Kompyuta ya mtu wa redio huonyesha saa ya dunia, tuseme 16:00. Saa ya ukutani Nairobi inasema 19:00. Mdomo wangu unasema saa moja jioni. Tarakimu tatu tofauti kwa kitambo kimoja, na hakuna kati yetu anayechanganyikiwa, kwa sababu tangu utotoni tumejua kwamba jina la saa ni makubaliano. Hata hiyo saa tatu tunayoitangulia Greenwich ni makubaliano: kwa jua lenyewe Nairobi ingeitangulia kwa saa mbili na dakika 27 hivi. Lakini katika majina yote hayo sekunde ni ile ile. Ikiwa ni sekunde ya 30 kwa Mwingereza, ni sekunde ya 30 kwa muuza mandazi wa Laini Saba.

FT8 inataka sekunde tu. Haiulizi ni saa ngapi, haiulizi tarehe, wala mwaka. Inauliza jambo moja: tuko wapi ndani ya hii robo ya dakika? Saa ya kompyuta yako ikikosea kwa saa tano kamili, mawasiliano yatakwenda. Ikikosea kwa miaka kumi, yatakwenda. Ikikosea kwa sekunde 15 kamili, yatakwenda pia, kwa kuwa robo moja ya dakika haina tofauti na nyingine. Programu yako itajibu katika zamu inayofuata kama kawaida, na mwenzako hatajua lolote. Kitakachoharibika ni daftari lako la kumbukumbu, ambalo unaweza kulirekebisha kesho. Lakini ikikosea kwa sekunde nne, umekuwa kiziwi.

Hapo ndipo naona dhana hii ilipozaliwa, na sitaki kuwadhulumu walioizaa, maana waliona kitu cha kweli. Ubaya wa saa iliyopotoka ni ukimya wake. Programu haikuambii kwamba saa yako ni mbovu. Redio inanguruma, skrini inaonyesha michirizi ya mawimbi ikiteremka kama mvua dirishani, kila kitu kinaonekana kizima, ila hakuna hata neno moja linalofunguka. Mtu anahangaika na antena, anabadilisha nyaya, anailaumu redio. Kisha anaunganisha intaneti, saa inajinyoosha, na maneno yanamiminika. Nani hapo asingesema kwamba intaneti ndiyo iliyomponya?

Tatizo lake lilikuwa mahali pengine. Kompyuta nyingi za mtumba, zile tunazonunua Luthuli Avenue au kwa fundi wa mtaani, zina betri ndogo ya duara, ya volti tatu, ambayo imekufa zamani. Kazi ya betri hiyo ni kuiendesha saa ya ndani wakati mashine imezimwa. Ikifa, kila stima inapopotea saa nayo inapotea, na mashine huamka ikiamini kwamba ni Januari mosi ya mwaka iliotengenezwa. Betri hiyo mpya huuzwa hata kwenye vibanda vya kutengeneza saa za mkono. Nimewaona watu wakinunua data kila siku kufidia kifaa ambacho hubadilishwa kwa bisibisi mara moja katika miaka kadhaa.

Saa yenyewe ikiwa na betri nzima bado hutembea. Moyo wake ni fuwele inayotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na fuwele hizo hupishana. Kosa la sehemu 10 katika milioni hukupotezea karibu sekunde 0.9 kwa siku, kosa la sehemu 20 hukupotezea 1.7. Joto huongeza. Fuwele za aina hii zimetengenezwa ziwe sawa kwenye nyuzi 25 hivi, na kadiri chumba kinavyopanda juu ya hapo ndivyo zinavyopunguza mwendo. Aliyewahi kukaa mchana wa Februari chini ya mabati yasiyo na dari hahitaji kufafanuliwa zaidi. Na matoleo ya zamani ya Windows, ambayo ndiyo mengi mtaani, yalipangwa yanyooshe saa mara moja tu kwa wiki. Kwa hiyo hata mwenye intaneti saa ishirini na nne anaweza kuwa na saa iliyopotoka sekunde kadhaa siku ya sita, akaamini yuko salama kwa sababu tu ameunganishwa.

Zigeuze hesabu hizo zisomeke upande wa pili. Kama saa ya kawaida hupoteza sekunde moja au mbili kwa siku, basi saa iliyonyooshwa leo asubuhi bado inafaa leo usiku. Huhitaji kufungwa kwenye mtandao kama ng'ombe kwenye kigingi. Unahitaji kuipata sekunde sahihi mara moja kwa siku, kutoka popote.

Sasa swali ni hili: Silanga, pembeni mwa Bwawa la Nairobi lililojaa gugu maji, sekunde itatoka wapi?

Itatoka juu. Kila setilaiti ya GPS, umbali wa kilomita 20,200 angani, imebeba saa za atomiki na inatangaza wakati mchana na usiku, kwa kila mtu, bila malipo na bila kuuliza wewe ni nani. Watu wamezoea kuiona GPS kama chombo cha ramani, lakini ramani ni matunda tu. Mti wenyewe ni saa. Na Kibera imewahi kula matunda hayo. Mwaka 2009 vijana wa vijiji vya Kibera, katika mradi wa Map Kibera, walitembea na vipokezi vya GPS mikononi wakaandika njia, mabomba ya maji, vyoo, kliniki na makanisa ya mahali ambapo kwenye ramani za watu wengi palikuwa patupu. Silanga ikapata umbo. Vipokezi vile vilivyowaambia wako wapi viliweza kufanya hivyo kwa sababu kwanza vilijua ni saa ngapi.

Leo kipokezi cha kuchomeka kwenye USB ni kidogo kuliko kiberiti. Lakini nataka nimseme yule ambaye hata hicho hana. Simu yenye kioo kilichopasuka, isiyo na laini wala data, bado ina kipokezi cha GPS ndani yake. Ikiwekewa programu ya kuonyesha wakati wa setilaiti, ukaisimamisha mlangoni ambapo inaliona anga, inakupa sekunde. Unaiandika kwenye kompyuta kwa mkono, unasubiri, unabonyeza. Kidole cha binadamu huchelewa sehemu ya tano ya sekunde hivi. Tunaruhusiwa moja nzima.

Hapa lazima niseme jambo ambalo hata wapenzi wa GPS hulisahau. Saa ya setilaiti hizo haiongezewi zile sekunde za nyongeza ambazo saa ya dunia huongezewa mara kwa mara ili ifuatane na mzunguko wa dunia. Tangu Januari mosi 2017 imetangulia kwa sekunde 18. Setilaiti hutangaza tofauti hiyo ili kipokezi kiitoe, lakini tangazo lake zima huchukua dakika 12 na nusu kukamilika. Kipokezi kilicholala kabatini miezi kadhaa kinaweza, kwa dakika za mwanzo, kukupa wakati uliokosea sekunde chache, hata zote 18. Na sekunde 18, ukiondoa robo moja ya dakika, zinabaki tatu: kosa la kukufanya kiziwi kabisa. Kwa hiyo kiweke mlangoni, kanywe chai, ndipo urudi ukiamini.

Sekunde inaweza kutoka kwenye redio yenyewe. Wazee wetu walinyoosha saa zao za mkono kwa vipigo vya kabla ya taarifa ya habari; BBC ilianza kupiga vipigo vyake sita mwaka 1924, na kipigo cha mwisho ndicho mwanzo wa saa mpya. Katika mawimbi mafupi kuna vituo ambavyo kazi yake ni hiyo tu, kama RWM ya Moscow kwenye kilohezi 4996, 9996 na 14996. Kutoka Moscow hadi Nairobi ni kilomita elfu sita na ushei, safari ambayo mawimbi huimaliza kwa sehemu ya hamsini ya sekunde. Ila vipigo unavyovisikia kwenye FM au kwenye simu usiviamini bila kuvipima, kwa kuwa vimepitia setilaiti na mitambo ya kubana sauti. Jambo hili Kibera nzima inalijua bila kulipa jina: siku ya mechi kubwa, ukumbi wenye dishi unapiga kelele ya bao, na ule unaotazama kwa mtandao unaipiga baadaye, sekunde nyingi baadaye, wakati wale wa kwanza wameshaketi. Mpira ni mmoja. Njia ndizo zinazochelewa.

Lakini hoja yangu kubwa si setilaiti wala Moscow. Ni watu.

Washa redio saa moja jioni kwenye megahezi 14.074. Utasikia mlio wa vituo vingi kwa pamoja, kama mzinga wa nyuki ulioguswa. Kisha wote wananyamaza. Kimya cha sekunde mbili hivi. Halafu wote wanaanza tena. Hakuna aliyewapigia kengele. Kila mmoja yuko kwake, mwingine Italia, mwingine India, mwingine Afrika Kusini, na wote wanavuta pumzi kwa wakati mmoja. Ukimya ule ndio saa. Ukiwa na kompyuta isiyojua lolote kuhusu wakati, isikilize ile kwaya, na inapoanza tena bonyeza sekunde isome 00, au 15, au 30, au 45. Nimeshaeleza kwamba ni ipi kati ya hizo haijalishi. Ukitazama skrini utaiona mistari ikianza na kukatika, na nafasi kati yake ni pana ya kutosha jicho la mtu yeyote. Kwa kufanya hivyo tu umeingia ndani ya sekunde moja.

Kutoka hapo vituo vyenyewe hukusahihisha. Kila ujumbe unaofunguliwa huandikwa pembeni yake tarakimu chini ya herufi DT, nayo ni tofauti kati ya saa yako na saa ya aliyetuma. Ukiona kituo kimoja kina 1.4 na wengine wote wako karibu na sifuri, mwenye kosa ni yeye. Ukiona wote wana 1.4, mwenye kosa ni wewe: wanaonekana wamechelewa kwa sababu saa yako imetangulia. Irudishe nyuma. Wakiwa chini ya sifuri wote, saa yako imechelewa, isogeze mbele. Baada ya kusahihisha mara mbili hivi umekaa sawa na dunia, na hujatumia hata senti moja ya data.

Nimewahi kupingwa hapa kwa hoja nzuri. Mtu aliniambia: unafuata saa za wengine, je, nao wakiwa wamekosea? Jibu ni kwamba wengi wao wamefungwa kwenye setilaiti au mtandao, kwa hiyo wingi wao ni shahidi mzuri. Lakini hata wasingekuwa hivyo, hoja haingevunjika. Chukua vituo viwili, kimoja Silanga na kimoja Kisumu, vyote vina saa iliyokosea kwa sekunde saba zile zile. Vitasikizana bila shida yoyote. FT8 haitafuti ukweli wa wakati, inatafuta upatano. Intaneti ni mpatanishi mmoja tu, na amepata sifa yote kwa sababu ndiye anayefanya kazi wakati sisi tumelala.

Wala huu si ujanja wangu wa mtaani. Programu ya JS8Call, aliyoitoa Jordan Sherer mwaka 2018 kwa kuchukua mtindo wa FT8 na kuufanya ubebe mazungumzo ya maneno huru, ina sehemu maalumu ya kunyoosha saa yako kwa kufuata vituo unavyovisikia. Iliwekwa kwa ajili ya watu walioko mbali na mtandao. Na ziko njia za kidijitali ambazo haziulizi saa kabisa. PSK31 ya Mwingereza Peter Martinez ilienea mwaka 1998, na unaweza kuitumia hata kama saa yako imesimama. Kwa hiyo anayesema "dijitali inataka intaneti" amekosea mara mbili, kwa njia inayotaka saa na kwa njia isiyoitaka.

Nije kwenye dai la tatu, la redio ya nini kwa mwenye intaneti. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Afrika Mashariki yote ikaonja mtandao unaotambaa. Januari 2021, usiku wa kuamkia uchaguzi, Uganda nzima ilizimiwa intaneti kwa siku kadhaa. Hayo si mambo ya kubuni. Anayeuliza redio ni ya nini anadhani mtandao ni kama hewa, uko tu. Nami sitaki kuisifu FT8 kupita kiasi: ujumbe wake huru hauzidi herufi 13, na hakuna anayeweza kueleza mafuriko kwa herufi 13. Kwa ujumbe wa maana utahitaji JS8Call, au sauti, au msimbo wa Morse. FT8 ina kazi nyingine siku hiyo: kukuonyesha ni upande gani wa dunia unaokusikia, kwa nguvu ndogo, kwa waya uliotundikwa kati ya nguzo mbili. Na saa uliyoinyoosha kabla ya nyaya kukatika itaendelea kukufaa kesho yake, na keshokutwa kwaya ya 14.074 itakunyooshea tena.

Kuna mahali ambapo mtandao unahitajika kweli. Ukitaka kuthibitisha mawasiliano yako katika hifadhi ya kimataifa ya Logbook of the World, lazima upakie daftari, na hapo tarehe na saa vinatakiwa viwe sahihi. Pande mbili zikipishana kwa zaidi ya nusu saa hazitaoanishwa. Lakini hiyo ni risiti. Unaweza kuipeleka mwisho wa mwezi ukiwa kwa rafiki mwenye mtandao. Kudai kwamba mawasiliano hayawezekani kwa sababu risiti inahitaji mtandao ni kudai kwamba sukari haiuziki dukani siku mashine ya risiti imekwama.

Limebaki lile la pili, la Silanga isijisumbue. Ningelisikiliza kama lingetaja vikwazo vyenyewe, maana vipo. Nyaya za stima zilizounganishwa kiholela hutoa kelele inayofunika mawimbi dhaifu, na hiyo ni adui mkubwa kuliko saa yoyote. Nafasi ya antena ni finyu. Paa la jirani ni la jirani. Kurusha mawimbi kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na njia ya kuifikia leseni hiyo ni ndefu kwa kijana asiye na mtu wa kumshika mkono. Mambo haya yanahitaji watu wa kuyashughulikia. Saa haimo katika orodha yao. Ninaposikia saa ikitajwa kwanza, naona kwamba nyuma ya hoja ya kiufundi kuna dhana nyingine iliyojificha: kwamba usahihi ni mali ya watu wa mahali pengine. Kenya haina sababu ya kuiamini dhana hiyo. Setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, ndiyo iliyoonyesha kwamba Centaurus X-3 hupiga mpigo wa eksirei kila sekunde 4.8. Mipigo ya nyota imeshapimwa kwa chombo kilichopaa kutoka baharini kwetu. Robo ya dakika haitushindi.

Jioni moja nilikuwa Silanga na laptopu ya mtumba na redio ya kusikilizia tu. Waya wa antena ulipita juu ya mabati mawili kwa ruhusa ya wenye nyumba. Betri ndogo ya ndani ilikuwa imekufa, na stima ilikuwa imepotea na kurudi, basi mashine ikaamka ikisema ni Januari mosi 2009. Kijana anayetengeneza simu kibanda cha pili alikuja akasimama nyuma yangu. "Mzee, hiyo inakula data kiasi gani?"

"Haili hata kidogo."

"Na saa itajirekebisha vipi?"

Nikampa vipokea sauti. Nikamwambia asikilize mpaka wote wanyamaze, na watakapoanza tena abonyeze. Alikosea mara ya kwanza, akacheka, akarudia. Mzunguko wa kwanza haukuleta kitu. Wa pili ulileta mistari sita, yote ikiwa na DT ya -0.9 au -0.8. Nikamweleza tarakimu zile zinasema nini, akaisogeza saa mbele yeye mwenyewe. Mzunguko uliofuata ulileta mistari 11, na DT zikawa 0.1, 0.2, 0.0. Tarehe juu ya skrini ilikuwa bado Januari 2009. Kwenye daftari aliiandika tarehe ya kweli kwa kalamu, akaanza kuniuliza herufi za mwanzo za kila alama ya mwito ni za nchi gani.